Kabla hajarudi maskani

Kijana ametoka nyumba ya upataji nafuu, ana miezi minne hajagusa unga, yaani heroini. Amerudi kwao, Temeke. Jioni ya kwanza anamwona mama yake akiingiza pasi chumbani na kupiga kufuli. Hakuna aliyesema neno, ila kaelewa.

Katika ushauri nasaha, visa vya aina hii tunavisikia kuliko hata habari za wauza unga. Familia hudhani mtu amerudia dawa siku anayonunua kete, kipakiti cha unga. Kwa kawaida safari imeanza wiki kadhaa nyuma: halali vizuri, anajibu kwa mkato, kliniki haonekani, kisha anapita maskani, kijiwe alikokuwa akitumia, "kusalimia tu".

Methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili Februari 2011, hutuliza arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Mgonjwa hunywa dozi mbele ya mhudumu, mwili unatulia. Lakini haimpi pa kwenda saa tatu asubuhi, wakati kutwa nzima hana shughuli. Ubongo wake umeshazoea kuuhusisha unga na vitu vya kawaida kabisa: kona fulani, mluzi wa rafiki, noti mkononi siku ya malipo. Akikutana navyo, hamu inampanda.

Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971. Wengi wa waliokuwa waraibu wa heroini kule hawakurudia uraibu walipofika kwao, mbali na mazingira waliyotumia. Kijana wetu hana bahari ya kumtenga na kijiwe chake. Anarudi mtaa uleule, kwa watu walewale wanaomwita teja.

Hamu hupanda kama wimbi, na mara nyingi nusu saa haiishi imeshashuka. Hiyo nusu saa ndiyo tunayomfundisha kuivuka: aondoke pale, ale kitu kama ana njaa, ampigie mtu waliyekubaliana tangu mapema. Mtu huyo apokee simu hata usiku wa manane.

Na akiteleza? Hapa ndipo aibu inapoangamiza. Anajiambia, "nimeshaharibu," basi anatumia mpaka azame. Msimfukuze, mrudisheni kwa wataalamu siku hiyohiyo. Ajue pia kwamba mwili uliokaa miezi bila unga haustahimili tena kama zamani. Kiasi alichokizoea kinaweza kumuua, na wengi wanaotoka gerezani au kwenye nyumba za nafuu hufia hapo.

Tuirudie pasi. Mama ana haki ya kuogopa, maana ameshaibiwa. Ila kufuli la kimyakimya humwambia mtoto kwamba bado ni mwizi. Kaeni naye mchana, mkiwa mmeshakula, mkubaliane waziwazi: vitu gani vitafungiwa kwa sasa, pesa ya kibarua chake ataitunza nani, na tarehe gani atapewa ufunguo wa mlango wa mbele.