Sensa ya mwanga: kabla hujabofya kitufe cha kamera ya hadubini

Alikuja na flashi mkononi, kama wanavyokuja wengi tasnifu zinapoanza kudaiwa. "Dada, naomba unisaidie grafu tu, picha ninazo tayari." Picha zilikuwa zaidi ya mia mbili, za seli zilizotiwa rangi ya kijani inayong'aa, nusu zimepewa dawa na nusu hazikupewa. Kwa macho zilipendeza. Tatizo zilipendeza zote kwa kiasi kilekile: zenye dawa na zisizo na dawa ziling'aa sawasawa, na kijana alikuwa ameshaanza kuandika kwamba dawa haifanyi kazi.

Nikafungua faili la kumbukumbu ambalo programu huliandika pembeni. Picha ya kwanza ilichukuliwa kwa milisekunde 80. Ya pili 310. Ya tatu 145. Alikuwa ameiacha kamera ijipangie muda yenyewe. Slaidi ikiwa hafifu, kamera ilipokea mwanga kwa muda mrefu zaidi. Ikiwa kali, ilifupisha. Ilifanya bidii kweli kweli kufuta tofauti ileile aliyotumwa kuitafuta. Picha zingekuwa ghafi, ningeweza kugawanya kwa muda tukaokoa kitu. Zilikuwa JPEG, faili lililobanwa na kupoteza sehemu ya namba zake.

Sikumcheka. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilipoteza wiki nzima kwa kosa hilohilo. Ndiyo maana leo naandika ninavyoiandaa kamera ya hadubini ya fluoresensi, ile ya kutazamia rangi zinazong'aa zikimulikwa, hasa hapa pwani kwetu, ambako joto na unyevu vina maoni yao.

Kile kipande cha silikoni kilicho ndani ya kamera tunakiita sensa, na sijawahi kuona neno la kukopa likaangukia mahali pazuri namna hii, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu. Chukua kila pikseli kuwa kaya. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikipiga silikoni, inang'oa elektroni, na elektroni inabaki pale ndani ya kaya. Muda ukiisha, karani anapita, anahesabu waliomo, anaandika namba. Wenye wazo la kwanza la sensa ya aina iitwayo CCD, Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, walilitoa mwaka 1969 na wakapata Nobeli ya fizikia mwaka 2009. Kamera nyingi za maabara zinazouzwa sasa ni za aina nyingine, CMOS, ila hesabu ni ileile. Simu yako nayo ina sensa, lakini simu ikishahesabu inapamba: inalainisha, inanoa kingo, inang'arisha penye giza. Kamera ya kisayansi inatakiwa ikuachie namba zilivyo, mwanga ukiwa mara mbili na namba iwe mara mbili.

Makosa ya sensa hii yana asili tatu, na ukiyajua hutababaishwa na mtu wa mauzo. Kwanza, fotoni haziji kwa foleni. Ukitegemea 100, utapata 100 ukiongeza au kupunguza kama 10. Ukitegemea 10,000, tofauti ni kama 100. Yaani asilimia 10 inashuka hadi asilimia 1 kwa kukusanya mwanga zaidi tu, na hakuna kamera ya bei yoyote itakayokwepa hilo. Pili, karani mwenyewe hukosea anaposoma: kwenye kamera nzuri za siku hizi ni elektroni moja au mbili, kwenye CCD nyingi za zamani ni tano hadi kumi. Tatu ni wageni. Kwenye sensa ya watu ya Tanzania ya mwaka 2022 karani alihesabu kila aliyelala pale usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, awe mwenyeji au mgeni. Joto nalo huzalisha elektroni zake ndani ya silikoni, na karani hana namna ya kuzitofautisha na zilizoletwa na mwanga. Kwa kila nyuzi sita au saba hivi za Selsiasi joto linapopanda, wageni hao huongezeka karibu mara mbili.

Hapo ndipo kamera zinapopozwa, na hapo ndipo Dar es Salaam inapoingia. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 26. Sensa yetu inapozwa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Inakaa ndani ya chumba kidogo kilichozibwa, kikavu, chenye dirisha la kioo, na kwenye kamera za aina yetu ukavu huo hulindwa na vidonge vya silika jeli, jamaa zake wale wa pakiti ndogo unazokuta kwenye boksi la viatu vipya. Silika ikishachoka, umande unaganda. Dalili yake inadanganya: katikati ya picha panakuwa na ukungu na duara hafifu za mwanga, unakimbilia kurekebisha fokasi, haikubali. Badilisha lenzi ya objektivu, ile inayoelekea slaidi. Ukungu ukibaki palepale, shida iko kwenye kamera, iache slaidi ya watu. Vidonge hutolewa na kukaushwa kwenye oveni kwa joto lililoandikwa kwenye kijitabu cha kamera, si kwa joto la kukisia.

Kwa hiyo mimi nina taratibu ambazo wenzangu wanaziita za kizee. Kamera ikitoka stoo haifunguliwi boksi mpaka iwe imekaa chumba chenye kiyoyozi saa kadhaa. Joto la sensa nalishusha taratibu. Jioni nalipandisha taratibu vilevile kabla ya kuzima, na kompyuta, kamera na taa vyote viko kwenye UPS, betri ya akiba, maana umeme ukikatika ghafla sensa haipati nafasi hiyo. Tena sitafuti baridi kubwa kuliko zote. Nyuzi 10 chini ya sifuri zilizotulia ni bora kuliko 25 zinazopanda na kushuka kwa sababu feni imeziba vumbi. Na tuseme ukweli: kwa picha ya milisekunde 100, kamera iliyopozwa vizuri haikusanyi hata elektroni moja ya joto kwa pikseli ya kawaida. Kupoza kunaonekana faida kwenye picha za sekunde nyingi, na kwenye zile pikseli chache korofi zinazong'aa kama nyota hata gizani. Ukipiga picha za slaidi za Giemsa, rangi ya kutazamia damu, kwa mwanga wa kawaida, wenye tele, hela ya kupoza ni afadhali ununue objektivu nzuri.

Kufunga kamera kwenye hadubini ni kazi fupi. Nyingi zina nati ya C, upana wa milimita 25.4, na kutoka kwenye uso wa nati hadi kwenye sensa ni milimita 17.526. Kama jichoni kuna picha kali na kwenye skrini hakuna, adapta haijakaa urefu wake. Weka fokasi kwa objektivu kubwa ukitazama kwa macho, kisha rudi kwenye ndogo, ya mara 4 au 10, bila kugusa fokasi, uzungushe adapta mpaka skrini nayo ikubali. Watu hufanya kinyume, wanarekebisha adapta kwa objektivu ya mara 100. Hiyo inasamehe sana upande wa kamera, basi wakirudi kwenye ndogo wanakuta ukungu. Halafu kuna ule wenzo wa pembeni unaopeleka mwanga machoni au kwenye kamera. Nusu ya simu ninazopigiwa za "kamera imekufa" huishia hapo.

Ukubwa wa pikseli usiuamini kwenye karatasi, upime. Kwenye slaidi ya kupimia, milimita moja imegawanywa mara 100, kila kipande mikromita 10. Kamera yetu ina pikseli za mikromita 6.5, kwa objektivu ya mara 40, kila pikseli inasimamia mikromita 0.1625 za kwenye slaidi, kwa hiyo vipande kumi vya slaidi vinatakiwa vichukue pikseli kama 615. Maabara moja niliyoitwa kusaidia, tulipata 308. Ndani ya adapta mlikuwa na lenzi ya kupunguza nusu ambayo hakuna aliyekumbuka iliwekwa lini, na vipimo vyote vya ukubwa wa seli vya mwaka mzima vilikuwa nusu ya ukweli.

Sasa muda. Natanguliza slaidi ninayotarajia iwe kali kuliko zote. Kwenye programu nazima kila kilichoandikwa otomatiki, upande wa muda na upande wa mwonekano wa skrini, maana skrini nayo ina tabia ya kuvuta mwanga ili picha ikuvutie. Macho yangu nayaelekeza kwenye histogramu, grafu inayoonyesha pikseli ngapi zina mwanga kiasi gani. Nataka pikseli kali kabisa zifike kama robo tatu ya upeo, zisigonge ukuta wa kulia. Iliyogonga ni kaya iliyojaa: waje kumi, waje elfu, karani ataandika namba ileile. Nikipata muda huo, naufunga, naandika kwenye daftari, na slaidi zote za jaribio hilo zinapita kwa muda huohuo na nguvu ileile ya taa. Slaidi hafifu itaonekana nyeusi. Iache nyeusi! Hicho ndicho kipimo chenyewe.

Geini, yaani kukuza namba zinazotolewa na kamera, inawapoteza wengi. Kuipandisha hakuongezi hata fotoni moja. Karani anatangaza tu idadi ileile kwa sauti kubwa, na kaya zinaonekana kujaa mapema. Taa kali nayo ina gharama, kwa sababu rangi zinazong'aa huchoka kwa kumulikwa, na ukichezea fokasi dakika mbili juu ya eneo moja utapiga picha ya rangi iliyokwisha. Tafuta fokasi pembeni, kisha sogea.

Jambo ambalo sioni likifundishwa ni kianzio. Watengenezaji huongeza namba fulani kwenye kila pikseli, mara nyingi kama 100, ili makosa ya karani yasishuke chini ya sifuri. Seli moja inasoma 300, nyingine 200. Utaandika kwamba ya kwanza imezidi mara moja na nusu. Toa 100 kwanza: ni 200 kwa 100, imezidi mara mbili. Grafu nzima inabadilika hapo. Kianzio chako utakipata kwa picha za giza: funika kamera, tumia muda uleule na baridi ileile, piga kama ishirini, chukua wastani.

Kisha picha za mwanga sawa. Hakuna taa inayomulika uwanja wote sawasawa, na vumbi halikosi. Slaidi ya plastiki inayong'aa kotekote inakupa ramani ya upungufu huo. Kila picha unaitoa giza lake, unaigawanya kwa ramani iliyotolewa giza lake nayo, unazidisha kwa wastani wa ramani. Ukigusa kamera au kichujio baada ya hapo, ramani imekufa, piga nyingine.

Ukiwa na dakika kumi za ziada, ijaribu kamera yako. Piga picha mbili za mwanga sawa zinazofuatana. Tafuta wastani ukishatoa kianzio. Kisha toa picha moja kwenye nyingine, utafute varianzi, kipimo cha mtawanyiko wa namba, ya tofauti hiyo na uigawanye kwa mbili. Wastani ukiwa 2,000 na varianzi hiyo 1,000, kila namba moja ya kamera inasimamia elektroni mbili. Mimi hurudia kila baada ya miezi michache. Namba ikihama bila mtu kugusa geini, najua kuna jambo.

Kuhifadhi: TIFF ya biti 16, picha ghafi, daima. JPEG ni ya slaidi za semina na ya kumtumia mama. Msishtuke mkifungua TIFF hizo kwenye kompyuta ya kawaida zikatoka nyeusi. Kamera ya biti 12 inahesabu hadi 4,095 tu, na faili la biti 16 lina nafasi hadi 65,535, basi picha imebanana chini kabisa. Zifungue kwa ImageJ, ambayo ni ya bure. Na kama programu iliyokuja na kamera inawasumbua leseni, Micro-Manager nayo ni bure na inaziendesha nyingi. Hesabuni na diski: picha ya pikseli 2,048 kwa 2,048 ni kama megabaiti 8, kwa hiyo picha mia mbili zinakaribia gigabaiti 1.7.

Yule kijana bahati yake slaidi zilikuwa bado kwenye friji, zimefungwa foili. Tulianza upya Jumatatu saa tatu asubuhi, kamera ikiwa imewashwa tangu saa moja. Muda tulioufunga ulikuwa milisekunde 120. Tofauti kati ya seli zenye dawa na zisizo nayo ilikuwepo, ndogo kuliko alivyoomba, ila ilikuwepo. Alilalamika kidogo kwamba picha mpya hazipendezi kuwekwa kwenye jalada.