Je, wajua kwa nini Hagia Irene haikugeuzwa msikiti?

Waturuki wa Osmani walipoiteka Konstantinopoli (Istanbul ya leo) mwaka 1453, kanisa kuu la Hagia Sofia liligeuzwa msikiti papo hapo. Jirani yake lipo kanisa jingine la wafalme wa Bizanti, dola ya Kikristo iliyotawala mji huo, nalo ni Hagia Irene, yaani Amani Takatifu. Hili halikupata mnara wala mihrabu.

Sababu ni pale liliposimama. Sultani Mehmed wa Pili alipojenga kasri la Topkapı, ukuta wa nje ulilifungia kanisa ndani, katika ua wa kwanza, ua wa Janisari, askari maalumu wa sultani. Msikiti mkubwa ulikwisha kuwapo nje tu ya lango. Kilichohitajika pale ni ghala, likajazwa silaha na nyara za vita.

Ghala lenyewe lilikuwa kongwe, tena la viraka. Jengo la karne ya 4, kanisa la askofu kabla Hagia Sofia haijakamilika, liliteketea katika ghasia za Nika, maasi ya watu wa mji dhidi ya mfalme, mwaka 532. Mfalme Justiniani akajenga upya, safari hii kwa kuba. Tetemeko la mwaka 740 likabomoa sehemu kubwa ya juu. Hapo ndipo mafundi walipoonyesha akili: chini wakaacha ukumbi mrefu wa Justiniani, lakini juu, kwenye roshani, wakajenga matao mapana pande zote nne ili yashike kuba. Ndiyo maana ukiwa chini unaona ukumbi, na juu kuna umbo la msalaba.

Ukarabati huo ulifanyika picha takatifu zikiwa zimepigwa marufuku, kwa hiyo nyuma ya madhabahu pakawekwa msalaba mtupu juu ya mozaiki (picha ya vipande vidogo vilivyobandikwa) ya dhahabu. Marufuku ilipoondolewa, kwingine misalaba ya namna hiyo ilifutwa. Katika Hagia Sofia nyingine, ile ya mji wa Thessaloniki huko Ugiriki, mahali pake pamekaa Bikira Maria. Huu wa Istanbul upo mpaka leo, na kwa maoni yangu, kutumika kama ghala kumechangia: nani ahangaike kupamba ukuta wa stoo?

Mwaka 1726 Sultani Ahmed wa Tatu aliagiza silaha zipangwe kwa maonyesho, na mwaka 1846 Fethi Ahmed Pasha, afisa wa sultani, akaongeza mambo ya kale. Mkusanyo huo wa kale ulihamishiwa Çinili Köşk, jumba la jirani, ukazaa Makumbusho ya Akiolojia ya Istanbul. Silaha zilibaki hadi karne ya 20. Siku hizi watu huingia kutazama jengo, au kusikiliza muziki wa okestra.