Bampa la winchi ni nini, na linashikwa na nini

Wengi wakisikia "bampa la winchi" picha inayowajia ni ngao, yale mabomba ya chuma ya mbele yanayofungwa ili gari likigonga mbuzi au kisiki taa zisipasuke. Kwa sura vinafanana, na muuzaji hana haraka ya kukusahihisha. Lakini ngao imewekwa isubiri kugongwa, na bampa la winchi limewekwa lisubiri kuvutwa. Chuma kinachostahimili kugongwa kinaweza kabisa kushindwa kuvutwa.

Kwa maneno mepesi, ni bampa zito la chuma lenye kitako ndani yake ambacho winchi, ile mashine ya umeme inayokunja kamba kwenye ngoma ili gari lililokwama lijivute, inakalia, na breketi zinazokishika kitako hicho moja kwa moja kwenye chasisi. Si lazima winchi iwepo. Unaweza kufunga bampa leo na winchi ukainunua mwakani, bado litaitwa bampa la winchi kwa sababu kitako kipo na matundu yameshatobolewa. Winchi nyingi za magari ya aina hii, zile zenye nguvu ya kuvuta uzito wa paundi 8,000 hadi 12,000, hukaa kwa bolti nne zilizopangwa sentimita 25.4 kwa 11.4. Ndiyo maana winchi ya kampuni moja huingia kwenye bampa la kampuni nyingine bila ugomvi.

Tuchukue Land Cruiser pikapu, lile tunaloliita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa. Likipakia linafika tani tatu, wakati mwingine na zaidi. Mafundi huchagua winchi kwa kuzidisha uzito wa gari lililopakia mara moja na nusu, kwa hiyo hapa tunazungumzia tani nne na nusu, karibu paundi 10,000. Sasa fikiria zaidi ya Noah mbili zimening'inizwa kwa kamba kwenye pua ya gari lako. Uzito huo unatoka kwenye kamba, unaingia kwenye ngoma ya winchi, unashuka kwenye zile bolti nne, unapita kwenye kitako, kisha breketi, ndipo unafika kwenye chasisi. Chasisi inaumudu. Swali ni kama vyote vilivyo kati vinaumudu.

Masika moja nilikuwa kwenye msafara wa pikapu mbili kusini mwa Serengeti, kwenye ule udongo mweusi wa mbuga unaonata kwenye tairi mpaka linakuwa duara la tope. Bampa la mwenzangu lilikuwa jipya, limepakwa rangi nyeusi, zito kiasi kwamba tulilinyanyua watu watatu siku ya kulifunga. Gari lilizama hadi ekseli. Winchi ikaanza kuvuta, kamba ikakaza, na badala ya gari kutoka likatoka bampa, taratibu, kama droo ya kabati. Winchi haikudhurika. Bampa lenyewe halikupinda hata kidogo. Kilichonyooka kama bati ni masikio mawili membamba ya nyuma, yale yale yaliyokuwa yameshika bampa la kiwandani. Fundi alikuwa amefunga mzigo wa tani nne mahali palipotengenezwa pashike kilo chache.

Kwa hiyo ukienda kununua, usihangaike kugonga bampa kwa mbele usikie mlio. Inama, chungulia nyuma yake. Breketi nzuri ni bamba nene lililolala ubavuni mwa chasisi, limeshikwa kwa bolti kadhaa zilizoachana, si mbili zilizobanana sehemu moja. Tazama na vichwa vya bolti: 8.8 au 10.9 imepigwa muhuri juu yake. Kichwa kitupu kisicho na namba ni bolti ya mlango wa geti. Na ikibidi bolti ipenye chasisi yenye umbo la boksi, ndani lazima pawe na kipande cha bomba cha kuizuia isiminye kuta. La sivyo utakaza, chasisi itabonyea, bolti italegea, utakaza tena. Kuchomelea breketi kwenye chasisi mimi siafiki. Moto unabadilisha chuma mahali hapo, na siku ukitaka kutoa bampa unahitaji gasi badala ya spana.

Wakati wa kufunga, winchi huingia kwanza kwenye kitako kwenye mabampa mengi, kwani bampa likishapanda mkono haufiki kwenye bolti. Kisha bampa linaning'inizwa na bolti zote zikiwa zimelegezwa, linasawazishwa, ndipo zinakazwa. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya bampa na madigadi. Bodi imekaa juu ya raba na inacheza kivyake. Bampa liko kwenye chasisi na linacheza kivyake. Ukivibananisha, barabara ya mawe itakula rangi ndani ya wiki.

Kuna kosa jingine ambalo hata wazoefu hulifanya. Ukitumia kapi, kamba inakwenda hadi kwenye mti na kurudi kwenye gari, na nguvu ya kulivuta gari inakaribia kuongezeka maradufu. Nusu ya nguvu hiyo inakuja kupitia ile ncha ya kamba iliyorudi. Ncha hiyo hufungwa kwenye ndoano au sikio la kuvutia lililoshikwa na chasisi, kamwe si kwenye bomba la ngao lililo juu ya bampa, hata kama ndilo lililo karibu na mkono wako na tope limekufika magotini.

Uzito nao usisahaulike. Bampa na winchi kwa pamoja hufika kilo mia hivi, zote mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo springi zinabeba zaidi ya kile mizani inachosema. Pua ikishuka badilisha springi za mbele. Kwenye magari mapya, Hilux kwa mfano, kuna vihisio vya eabegi na vyuma vilivyotengenezwa vikunjike gari likigonga. Hapo nunua bampa lililoundwa kwa modeli hiyo hasa, maana la kubahatisha linaweza kuvuruga wakati wa eabegi kufunguka. Umeme una hadithi yake ndefu. Kwa hapa nitasema tu kwamba winchi ikizidiwa inaweza kula amperi zaidi ya 400, basi waya wake hauibiwi kutoka kwenye taa.

Fundi wangu wa sasa, mzee mmoja asiyependa maneno, akimaliza kukaza huchukua brashi ndogo na kuchora mstari mweupe unaopita kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye breketi. Baada ya safari ya kwanza ya porini nikarudi kwake. Hakugusa spana kwanza. Alilala chini na tochi, akatazama mistari, akanionyesha miwili iliyokatika katikati.