Mikuyu ya Majabalini na Dhana Potofu Kuhusu Mimea ya Asili Visiwani

Kwa kuwa kazi yangu ni kuotesha miche hapa Mwanza, kila mvua zinapokaribia hunijia wateja kutoka Ukerewe wakiomba "miti ya asili", na nikiwauliza ni ipi, hutaja mwembe, mwarobaini na mjohoro, kwa hoja kwamba babu zao waliikuta. Babu kuukuta mti hakuufanyi uwe wa asili. Yote mitatu chimbuko lake ni Asia.

Dhana inayonichosha zaidi, hata hivyo, ni ile isemayo kwamba mimea ya asili imejaa penye kijani kingi na udongo mzuri, na kwamba majabalini hakuna kitu. Udongo mzuri ndio uliotangulia kulimwa. Katika kisiwa chenye watu wengi kama Ukerewe, mimea ya asili imebaki pale jembe liliposhindwa, hasa katikati ya majabali ya itale. Mvua ikinyesha, maji huteleza juu ya mwamba mtupu hadi kwenye ufa, hivyo ufa mmoja hukusanya maji ya jabali zima, na udongo kidogo uliomo hukaa na unyevu hata baada ya shamba la jirani kukauka. Ndege na popo huangusha humo mbegu za mkuyu, mizizi ikashuka ikilikumbatia jiwe, na pembeni ikaota mishubiri, kwa kuwa moto wa mashambani hufia kwenye mwamba. Mteja wangu mmoja alifyeka na kuchoma vichaka vya namna hiyo ili "kusafisha" kiwanja, kisha akaja kununua miche ya asili! Ningemshauri akate pingili za mikuyu ile ile na kuzichomeka mvua za kwanza, bila kunilipa hata senti.

Kisiwa cha Rubondo, humu humu Ziwa Victoria, ni kijani na mimea yake ni ya asili, nakubali, lakini ni kwa sababu wakazi walihamishwa na tangu mwaka 1977 ni hifadhi ya taifa.

Wengine hudhani kila kisiwa lazima kiwe na mimea isiyopatikana kwingine. Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Kabla ya hapo visiwa hivi vilikuwa vilima tu, vikichangia mimea na nchi iliyovizunguka.

Gugu maji nalo si la hapa, limetoka Amerika ya Kusini. La asili ufukweni ni funjo, ambalo tunalifyeka ili tupande mboga.