Je, wajua kwa nini kufuta jina kwenye CV hakumalizi upendeleo?

Kampuni ya uhandisi ikiamua kuajiri kwa haki, mara nyingi huanza na wino mweusi: jina linazibwa kwenye CV, picha inatolewa, jinsia inafutwa. Wazo hili halikutoka hewani. Mwaka 2004 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya kutuma CV za kubuni karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Zenye majina ya Kizungu ziliitwa kwa takribani asilimia 50 zaidi ya zenye majina ya Wamarekani weusi, ilhali sifa zilikuwa zilezile. Tukasoma, tukahitimisha: ugonjwa ni jina, ukilifuta umepona.

Hesabu hiyo haikukamilika. Mwaka 2010 na 2011 shirika la ajira la Ufaransa lilijaribu kuficha majina kwenye CV pamoja na kampuni zilizojitolea. Ilitarajiwa kwamba wenye asili ya uhamiaji na wakazi wa vitongoji maskini wangeitwa zaidi. Kinyume chake, nafasi yao ya kuitwa kwenye usaili ilishuka. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni mawili. Kwanza, kampuni zilizojitolea huenda tayari zilikuwa zikiwafikiria vizuri waombaji hao. Pili, jina na anwani vikishafichwa, msaili anayeona mwaka mmoja bila kazi hana namna ya kujua mtu huyo alikuwa akipambana na mazingira gani. Anaona pengo tu.

Australia nako, mwaka 2017, watumishi wa umma zaidi ya 2,000 walipewa CV wachague. CV ileile ikiwa na jina la mwanamke ilichaguliwa asilimia 2.9 zaidi ya isiyo na jina. Kufuta jina kungewapunguzia wanawake nafasi, si kuwaongezea.

Maana yake ni kwamba wino mweusi hauchagui upendeleo upi uuzime. Huzima wote, mbaya na mzuri, hivyo matokeo hutegemea kampuni ilikuwa imeelemea wapi tangu mwanzo. Isitoshe, CV huvuja: mwaka wa kuhitimu hutaja umri, uanachama wa chama cha wahandisi wanawake hutaja jinsia. Na mwombaji akishaingia chumba cha usaili, wino umeisha kazi.

Upendeleo wenyewe hukaa ndani zaidi, mahali ambapo wahandisi hasa wangepaswa kushtuka.

Fikiria mchemraba wa zege wa milimita 150 unaopondwa maabara siku ya 28 baada ya kumwagwa, ili kupima nguvu yake. Nguvu inayotakiwa, tuseme megapaskali 25, imeandikwa kabla zege halijachanganywa. Hakuna anayeponda, akasoma 21, kisha akasema, "Kwani hapa tulihitaji ngapi? Ishirini inatosha." Hakuna pia anayeukuta mchemraba dhaifu wenye uso laini akaamua kuwa siku hizi tunapima ulaini. Angefanya hivyo, kila mchemraba aupendao ungefaulu, naye angeapa kwamba amefuata kipimo.

Kwenye usaili, hayo ndiyo hufanyika kila siku, tena kwa nia njema. Mwaka 2004 watafiti Norton, Vandello na Darley waliwapa wanafunzi wa kiume wa chuo kikuu kazi ya kumchagua mtu wa kampuni ya ujenzi. Mmoja alikuwa na elimu zaidi, mwingine uzoefu zaidi. Mwenye elimu alipokuwa mwanamume, takribani robo tatu walimchagua. Alipokuwa mwanamke, chini ya nusu. Hakuna aliyehitaji kusema "simtaki mwanamke". Uzoefu tu ndio ulipanda thamani ghafla. Mwaka uliofuata watafiti wengine, Uhlmann na Cohen, walionyesha jambo kama hilo kwa nafasi ya mkuu wa polisi, kisha wakaongeza kitu kimoja: watu walipoandika vigezo kabla ya kujua jinsia ya waombaji, ubaguzi ulitoweka. Ni majaribio ya maabara, si ya kampuni halisi, kwa hiyo tusiyabebeshe zaidi ya uwezo wake. Ila yanakwenda njia moja na tathmini kubwa ya Sackett na wenzake ya mwaka 2022: uhusiano kati ya alama za usaili na utendaji kazini (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) ni 0.42 kwa usaili wenye maswali na alama zilizopangwa, na 0.19 kwa ule wa maongezi huru.

Kwa vitendo, vigezo vinne hadi sita huandikwa pamoja na uzito wake kabla tangazo halijatoka. Kila swali huwa na majibu ya mfano ya alama 1, 3 na 5. Kwa mfano: nguzo inahitaji nondo 8 za milimita 16, zimefika 6 tu, na gari la zege liko njiani. Anayesema tumwage, apate 1. Anayesimamisha kazi na kusubiri, 3. Anayesimamisha, akamjulisha msanifu wa muundo, akapendekeza nondo 6 za milimita 20 kwa kuwa eneo la chuma linakuwa mm² 1,885 badala ya 1,608, akakumbuka kukagua nafasi kati ya nondo, huyo ni 5. Swali kama hili halimjali mtu alisoma wapi.

Kila mjumbe wa jopo aandike alama zake kimya kabla yeyote hajafungua mdomo, maana bosi akitangulia kusema "huyu kijana ni mzuri", alama za wengine humfuata.

Yanayoharibika yanajulikana. Wajumbe waoga humpa kila mtu 3. Kigezo cha "anaendana na timu" huingizwa bila maelezo, na hapo mchemraba umerudi kupimwa ulaini. Kigezo chenyewe kinaweza kuwa cha hovyo, kama kudai uzoefu wa miaka 10 mfululizo kwa kazi inayohitaji miaka 4, kikawachuja waliosimama kulea watoto hata kabla ya usaili. Na tofauti ya 4.1 na 4.0 si ushindi, ni kelele ya kipimo.

Jopo likigundua katikati kwamba kigezo kimekosewa, linaruhusiwa kukibadilisha, ila kwa utaratibu wa kurekebisha mchoro wa uhandisi: toleo B, sababu, tarehe, saini, na waombaji wote wanapewa alama upya kuanzia wa kwanza.