Chumvi Sawasawa, Mbona Matumbawe Yamenuna?

Anayefuga matumbawe kwenye tangi la kioo sebuleni hubadilisha maji kama mfugaji wa kuku anavyobadilisha maranda: hapendi, ila asipofanya banda litanuka. Anachota lita kadhaa za maji ya zamani na kumwaga, kisha anajazia mapya aliyoyakoroga kwenye ndoo kwa chumvi ya bahari ya pakiti. Na amepima. Tangi linasoma 35, ndoo inasoma 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, kama bahari yenyewe. Kesho yake matumbawe yamejikunyata, minyiri haitoki. Siku chache baadaye ncha za yale yenye matawi zimeanza kuwa nyeupe. Amekosea wapi?

Amedanganywa na neno "chumvi". Kifaa chake cha kupimia chumvi hupima jumla ya vyote vilivyoyeyuka bila kusema ni nini na nini. Kilo ya pilau na kilo ya ubwabwa, mzani hauzitofautishi. Mlaji ndiye anayejua.

Baharini jumla hiyo inatosha, na sababu yake inajulikana tangu karne ya 19. Meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, ilizunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876 ikikusanya maji. Mkemia William Dittmar akachambua sampuli 77, na mwaka 1884 akatoa matokeo: chumvi yaweza kuzidi hapa na kupungua pale, lakini uwiano wa madini makuu haubadiliki sana. Kwa hiyo ukijua ukali wa chumvi ya bahari kuu, unaweza kukadiria mengine. Katika lita moja kuna takriban miligramu 1,300 za magnesiamu na zaidi kidogo ya 400 za kalsiamu.

Lakini tangi si bahari. Ni lita 200 zilizofungiwa pamoja na wanyama wanaokula maji yenyewe.

Nasema wanakula maji kwa maana ya kweli. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kabonati, malighafi ileile ya chokaa. Wenyeji wa pwani hawahitaji kufundishwa hilo: kuta za Gede, Kilwa na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ya kuzipiga lipu ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Kujenga jiwe hilo kunahitaji vitu viwili kutoka kwenye maji. Cha kwanza ni kalsiamu. Cha pili ni akiba ya bikabonati na kabonati, ambayo kwa jina la kikemia huitwa ualkali. Wafugaji huipima kwa digrii za dKH, na maji ya bahari huwa na digrii 7 hivi.

Hapa ndipo penye siri yote. Tumbawe likitumia digrii 2.8 za ualkali, hutumia miligramu 20 tu za kalsiamu kwa kila lita. Sasa linganisha. Digrii 2.8 kati ya 7 ni asilimia 40 ya akiba. Miligramu 20 kati ya 420 hazifiki hata asilimia 5. Mfugaji akipima kalsiamu anaona mambo shwari, kumbe akiba ya pili, ualkali, inakaribia kukauka. Tangi lililojaa matumbawe magumu laweza kupoteza digrii nzima, au zaidi, kwa siku moja.

Watengenezaji wa chumvi za pakiti wanalijua hilo, na wengi wao huongeza ualkali makusudi. Ukikoroga zipo zinazotoa 7, zipo zinazotoa 11 na kupita. Zote zinaitwa chumvi ya bahari na zote zitasoma 35.

Tupige hesabu. Tangi la lita 200 limeshuka hadi digrii 7.5, na ndoo ina digrii 11. Ukibadilisha lita 20, tangi litapanda hadi 7.85, jambo ambalo matumbawe mengi hayatalitambua. Ukibadilisha lita 100 kwa mkupuo kwa sababu ulisafiri mwezi mzima na unaona aibu, litaruka hadi 9.25. Karibu digrii mbili kwa nusu saa. Huko ndiko kununa kulikotoka. Ndiyo maana wanaobadilisha kidogo kidogo kila wiki huweza kutumia chumvi yoyote na wasipatwe na lolote, wakaamini kwamba chumvi yao ndiyo bora. Sio chumvi, ni udogo wa ndoo.

Ulinganifu huu wa madini ulianza kuwasumbua watu zamani. Mwingereza mtaalamu wa viumbe, Philip Henry Gosse, mwaka 1854, alitengeneza maji ya bahari ya bandia kwa chumvi nne tu: chumvi ya kawaida, mbili za magnesiamu na moja ya potasiamu. Madini ya chokaa aliyaacha. Kwa mwani na wanyama wadogo wa ufukwe wa Uingereza ilimfaa, lakini tumbawe la kujenga mwamba lingebaki kama fundi asiye na matofali. Na huko Chicago, mbali kabisa na bahari, Shedd Aquarium, nyumba ya maonyesho ya viumbe wa majini, ilipofunguliwa mwaka 1930 haikuhangaika na kukoroga: mabehewa 20 ya matangi yalikwenda na kurudi mara nane kutoka Key West, Florida, yakileta galoni milioni moja za maji ya bahari kwa reli. Ghali, lakini wazo lilikuwa sahihi.

Turudi kwenye ndoo, maana yenyewe pia ina vituko vyake. Mimina chumvi kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya chumvi. Ukifanya kinyume, dakika za mwanzo unakuwa na uji mzito ambamo kalsiamu na kabonati zinakutana kwa wingi mno, zinashikana na kuganda. Maji yanabaki na wingu jeupe, na madini uliyoyalipia yanatua chini ya ndoo. Joto nalo huchochea mgando huo, tofauti na sukari inayopenda maji ya moto. Angalia ule ukoko mweupe ndani ya birika la maji ya kisima: ni jamaa yake. Magnesiamu ndiyo inayosuluhisha, kwa kuwa hujipachika kwenye uso wa fuwele changa na kuzizuia zisikue. Ikipungua, utajaza kalsiamu na ualkali bila kuona ongezeko.

Kisha kuna unyevu. Chumvi hizi zina magnesiamu kloridi, ambayo hufyonza maji kutoka hewani. Ukifungua mfuko Mombasa au Dar es Salaam na kuuacha wazi, baada ya wiki kadhaa kipimo kilekile cha kikombe kinabeba maji ndani yake, na maji ya ndoo yanatoka na chumvi pungufu. Kwa hiyo usiamini kikombe, amini refraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi kwa mwanga, tena iliyosahihishwa kwa maji maalumu ya 35 na si kwa maji matupu. Maji ya kukorogea yawe yamechujwa mpaka hayana kitu, kwani ya bomba yana klorini na ya kisima yana chokaa yake ambayo haikuandikwa kwenye pakiti.

Kuhusu pH, kipimo cha uasidi wa maji, sina maneno mengi. Maji yaliyotoka kukorogwa hayajasawazishana na hewa, kwa hiyo namba yake huyumba. Weka pampu iyazungushe kwa saa kadhaa, yafikie joto la tangi, nyuzi 25 au 26, halafu ndipo upime ualkali. Wala usiyaweke wiki nzima kama yana ualkali mkubwa, la sivyo utaukuta umeganda kwenye hita.

Ikiwa ualkali wa ndoo umezidi wa tangi, njia isiyo na vurugu ni kulipandisha tangi kwanza, polepole. Gramu 3 za bikabonati ya soda, ile ya kupikia keki, huongeza digrii 1 kwa lita 100. Tangi la lita 200 linataka gramu 6, zaidi kidogo ya kijiko cha chai, iliyoyeyushwa kwenye maji matamu na kumiminwa taratibu. Isizidi digrii moja kwa siku. Ndoo ikiwa chini, soda hiyohiyo inakwenda kwenye ndoo. Magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, ni ndugu wa damu wa soda hii, lakini huja na udongo na floraidi. Yaache jikoni.

Msomaji wa Pemba au Bagamoyo atauliza: kwa nini nisichote tu baharini? Chota, lakini mbali na mito na bandari, na si baada ya mvua ya masika. Dar es Salaam mto Msimbazi hutapika tope la jiji zima. Na ukishachota, bado pima. Bahari ina digrii 7, na kama umezoeza tangi lako kuishi kwenye 9, maji halisi ya Bahari ya Hindi, safi kabisa, yatalishusha ghafla vilevile kama pakiti ilivyolipandisha.