"Zaidi" haimaanishi kujumlisha kila mara

Wengi wetu tulikaririshwa tangu shule ya msingi: ukiona "zaidi", jumlisha, ukiona "pungufu", toa, ukiona "mara", zidisha. Kanuni hii inashikika upesi, ndiyo maana haifi.

Chukua swali hili. Asha ana machungwa 12, ambayo ni 5 zaidi ya machungwa ya Juma. Juma ana mangapi? Anayewinda neno ataandika 12 + 5 na kupata 17. Lakini aliyemzidi mwenzake ni Asha. Idadi ya Juma ikiwa j, sentensi inasema j + 5 = 12, basi j ni 7.

Mtego wa "mara" umejificha zaidi. Nchini Marekani, mtafiti John Clement aliwapa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza sentensi moja: chuoni wanafunzi ni mara 6 ya maprofesa. Waandike mlinganyo kwa S (wanafunzi) na P (maprofesa). Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1982, asilimia 37 walikosea, na wengi wao waliandika 6S = P. Wahandisi watarajiwa, si watoto!

Kosa lao linaeleweka: waliisoma S kama kifupisho cha "wanafunzi", kumbe ni idadi yao. Jibu ni S = 6P. Ukisita, weka namba: maprofesa wakiwa 10, wanafunzi ni 60. Mlinganyo wa kwanza unadai 360 ni sawa na 10.